Kulala Gesti Dodoma na Kuamka na Vitu Vyako

Wizi wa vyumba vya wageni mara nyingi hauvunji mlango. Mwizi huingia kwa ufunguo, au haingii kabisa: husimama nje ya dirisha akavuta alichokiona. Kwa hiyo mgeni anayenunua kufuli la bei mbaya kwa ajili ya begi, halafu akalala dirisha wazi na suruali kaitundika kwenye kiti, kufuli lake halijamsaidia kitu. Humu tunazifuata njia ambazo mali hupotea kweli chumbani, tukimfikiria msafiri wa Dodoma na kanda ya kati: mtumishi aliyekuja semina, mfanyabiashara wa mahindi anayelala Kibaigwa, mzazi aliyemleta mwanafunzi UDOM, dereva anayepumzika Manyoni au Singida.

Kabla hujalipa

Vyumba Dodoma huwa adimu Bunge linapokaa, hasa mkutano wa bajeti unaoanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na tena mwanzoni mwa Agosti wakati wa Nanenane kule Nzuguni. Anayeshuka saa tatu usiku siku hizo bila oda huchukua chumba chochote kilichobaki, na kilichobaki ndicho kile chenye kitasa kibovu. Weka oda mapema, jitahidi ufike mchana, na uombe kuona chumba kabla ya kutoa hela. Ukikataliwa kukiona, nenda kwingine.

Ukiwa ndani, anza na mlango. Ufunge kwa ufunguo kisha uvute kwa nguvu mara mbili. Ukicheza, tazama lile bati la kwenye fremu linalopokea ulimi wa kitasa: skrubu zake zote zipo? Zimeshika mbao au zimezama kwenye tundu lililokwisha kulegea? Kiraka cha mbao mpya au rangi mbichi karibu na kitasa huenda ni dalili kwamba mlango huo uliwahi kuvunjwa, na mara nyingi fremu iliyorekebishwa hivyo haina nguvu ya awali. Ulimi uingie kwenye fremu sentimita moja kamili au zaidi. Ukiwa umeng'ata ncha tu, mtu mwenye bega zuri hahitaji kifaa.

Angalia pia mlango unafungukia wapi. Ukifungukia nje, bawaba ziko nje, na pini ya bawaba ya kawaida hung'olewa kwa msumari na jiwe. Halafu tafuta komeo la ndani. Chumba kisicho na komeo la ndani si cha kukikataa moja kwa moja, ila ujue usiku utakuwa na kazi ya ziada, tutaieleza mbele.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kuhusu vitasa vyenyewe. Vitasa vingi vya bei nafuu, vile vya ufunguo mrefu wenye meno mawili matatu mwishoni, vina vibati viwili au vitatu tu ndani. Idadi ya funguo tofauti zinazoweza kutengenezwa kwa kitasa cha namna hiyo ni ndogo. Jengo lenye vyumba ishirini na vitasa vilivyonunuliwa katoni moja linaweza kabisa kuwa na ufunguo wa namba 4 unaofungua namba 11. Dalili ni ufunguo unaochezacheza tunduni, au unaofungua hata usipouingiza hadi mwisho. Usiende kuujaribu kwenye mlango wa mwenzako, utaitwa mwizi wewe. Muulize mhudumu waziwazi, na kama kuna chumba chenye kitasa cha silinda, omba hicho.

Hata cha silinda kina mipaka yake. Fundi funguo wa sokoni huchonga nakala kwa dakika chache bila kumuuliza mtu kitambulisho, na gesti nyingi hazibadilishi vitasa mgeni anapoondoka na ufunguo. Chukulia kwamba kuna nakala nyingine ya ufunguo wako mahali fulani mjini, na upange mambo yako kwa kuzingatia hilo.

Hoteli mpya za kadi nazo si za kuziamini kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 2012 mtafiti Cody Brocious alionyesha huko Las Vegas jinsi vitasa vya Onity vilivyofunguka kwa kifaa kidogo cha kujiundia, na Machi 2024 watafiti wengine walitangaza udhaifu katika vitasa vya Saflok, ambavyo viko kwenye milango zaidi ya milioni 3 duniani. Kwa mgeni wa kawaida hatari si hiyo. Hatari ni mlango wenye mashine ya kujirudisha iliyochoka, ukauachia ujifunge nawe umeshafika kwenye lifti, kumbe umesimama nusu. Subiri usikie mlio wa ulimi kuingia, kisha sukuma.

Na mlango wa kawaida uliobamizwa tu haujafungwa. Ule ulimi wenye mteremko hurudi nyuma kwa kadi ya plastiki. Zungusha ufunguo, hata kama unaenda bafuni ya uani kuoga.

Mapokezi: kitabu na ubao wa funguo

Kitabu cha wageni huandikwa jina, kazi, utokako, uendako, namba ya simu na namba ya chumba. Kinakaa wazi kaunta. Anayekuja kuandika baada yako anasoma mstari wako akiwa anasubiri kalamu. Ukiandika "mnunuzi wa alizeti, natoka Dar es Salaam", umeshamwambia kwamba chumba namba 7 kuna fedha taslimu. Usidanganye, kwa sababu kitabu hicho hukaguliwa na polisi, lakini "mfanyabiashara" inatosha. Ukimaliza, kifunike.

Ufunguo wenye kibao cha mbao kilichoandikwa namba kubwa, uliotundikwa kwenye ubao nyuma ya kaunta, unamtangazia kila anayepita nani yupo na nani katoka. Tena zamu ikibadilika saa mbili usiku, mhudumu mpya hajui sura yako. Mtu akija na kujiamini akasema "dada, nipe namba 7", anapewa. Kama utaratibu wa nyumba unaruhusu, toka na ufunguo wako mfukoni, ila kile kibao kigeuze au kivue. Kama hauruhusu, mkabidhi mhudumu mkononi, usiuache juu ya kaunta, na umwombe auweke kwenye droo. Jitambulishe pia kwa mhudumu wa zamu ya usiku: salamu, jina, namba ya chumba. Mtu aliyesalimiwa hukukumbuka, na atashtuka akiona sura nyingine ikiuomba ufunguo wako.

Usipokee simu ukaitaja namba ya chumba kwa sauti pale mapokezi. Wala bodaboda aliyekuleta hana haja ya kuijua.

Dirisha

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu gesti nyingi za kanda hii ni za chini, zisizo na ghorofa, na usingizi wa msafiri ni mzito.

Mwizi wa dirishani anavua. Chombo chake ni kitu chochote kirefu na chembamba: mwanzi, bomba la maji la plastiki, au nondo nyembamba iliyokunjwa ncha iwe ndoano. Wavu wa mbu anaukata kwa wembe kwenye kona, mkato wa pande mbili tu, ili kipande kilale kama kifuniko cha bahasha na kisionekane haraka. Halafu anainua pazia kwa ncha ya fimbo na kutulia, macho yazoee giza. Taa ndogo ya simu inayochajiwa ndiyo inayomwonyesha pa kuanzia. Nondo za dirisha humzuia yeye asiingie, hazizuii fimbo. Suruali yenye pochi, mkoba wenye mkanda, chaja yenye waya mrefu, vyote hivyo vimekaa kama vinavyongoja ndoano.

Anachokitafuta sana kuliko hata simu ni ufunguo. Ukiuacha mezani au kwenye msumari ukutani, anauvua, anazunguka mlangoni na kufungua kama mwenye chumba. Ufunguo wa gari ni vivyo hivyo.

Watu hujaribu kuweka vitu mbali na dirisha. Chumba cha mita tatu kwa tatu hakina mbali. Fimbo ya mita mbili na nusu, ukiongeza urefu wa mkono, inafika ukuta wa pili. Kinachomshinda ni pembe, siyo umbali. Fimbo iliyopita katikati ya nondo haiwezi kukunja kurudi chini ya dirisha lenyewe. Kwa hiyo mahali salama zaidi sakafuni ni kwenye kona ya ukuta uleule wenye dirisha, chini yake au pembeni, ukiwa umelibana begi ukutani. Kupaacha mahali hapo na kulisogeza begi kwenye ukuta wa mbele ni kumwekea mtu mezani. Pa pili ni ndani ya kabati lililofungwa. Kama kabati halina kitasa, funga mishikio yake miwili pamoja kwa mkanda wa suruali.

Soketi ya umeme kwa kawaida iko karibu na kitanda au, kwa bahati mbaya, chini ya dirisha. Chaji simu mchana au jioni ukiwa macho. Ikibidi usiku, tumia pawabenki ndani ya begi ambalo zipu yake umeiacha nusu ili joto litoke, na uilaze simu kifudifudi.

Oktoba hadi Desemba, joto la Dodoma hukufanya ufungue kila kinachofunguka. Washa feni, fungua kile kidirisha cha juu tu, na cha chini ukifunge. Juni na Julai huna shida hiyo, baridi na upepo hukufungia dirisha wenyewe, ingawa upepo huohuo huficha mchakacho wa mtu nje.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma lina kilatchi kidogo ambacho mara nyingi kimekatika. Tiba yake haigharimu kitu: pima kwa uzi urefu wa reli ya chini, kutoka ubavu wa kioo kinachosogea hadi kwenye fremu, ukiwa umelifunga. Kata kijiti au mpini wa ufagio wa zamani kwa urefu huo na ukilaze kwenye reli. Kikipungua hata sentimita mbili, kioo kitasogea kiasi cha vidole kupita, kwa hiyo kata kirefu kidogo ukipunguze polepole. Kisha jaribu kukiinua kioo juu. Vioo vya namna hii huchomoka kwenye reli kwa kuinuliwa vikiwa vimechakaa. Ukiona kinapanda hadi kinatoka, omba chumba kingine.

Mwisho, weka kopo la bati lenye sarafu tano sita kwenye kizingiti cha dirisha, nyuma ya pazia, likiegemea kitambaa. Pazia likiinuliwa, linaanguka. Chupa tupu inafanya kazi hiyo pia, ila asubuhi utakanyaga vigae vya chupa peku.

Mlango usiku

Kwa kitasa cha ufunguo mrefu, ufunguo ubaki ndani ya tundu ukiwa umezungushwa kidogo, usiwe wima. Ukiwa wima, mtu wa nje anausukuma kwa ufunguo wake unaanguka. Ukiwa umelala upande, hautoki. Hata hivyo anaweza kuuzungusha kwa koleo jembamba, kwa hiyo pitisha kamba ya kiatu kwenye tundu la kichwa cha ufunguo na uifunge kwenye mshikio wa mlango. Kwa silinda mambo ni tofauti: zipo ambazo ufunguo ukiwa ndani wa nje hauingii, na zipo ambazo unaingia kama kawaida. Jaribu mchana kwa kumwomba mhudumu alete wa akiba.

Kisha kabari. Mlango unaofungukia ndani unazuiwa vizuri kabisa na kabari ya mpira, na usipokuwa nayo, kandambili iliyokunjwa mara mbili na kupigwa kisigino chini ya mlango, upande wa mshikio na si upande wa bawaba, inafanya kazi ya kuridhisha. Kinachosahaulika ni vumbi. Vigae vya Dodoma vina vumbi jembamba hata vikipigwa deki asubuhi, na mpira juu ya vumbi huteleza. Futa pale sakafuni kwa kitambaa chenye maji, acha pakauke, ndipo uweke. Kiti kilichoegemezwa chini ya mshikio kinasaidia kama miguu yake ina mipira. Cha plastiki juu ya vigae kitasukumwa hadi kitandani kwako.

Usiweke kabari inayokushinda kuitoa gizani. Moto ukitokea, unahitaji kutoka kwa sekunde chache. Kurunzi na kandambili ya pili viwe pembeni ya kitanda.

Sefu ya chumbani

Sefu ndogo za namba zilizoko kwenye hoteli zinafaa kwa mwizi wa haraka, zaidi ya hapo zisitegemewe kabla ya kuzikagua. Hatua ya kwanza ni kuisukuma na kuiinua. Sefu isiyofungwa kwa bolti ukutani au kwenye rafu imara ni boksi zuri la kubebea mali yako yote kwa pamoja. Ndani, nyuma au chini, yapo matundu mawili hadi manne; yawe na vichwa vya bolti.

Pili, ijaribu mlango wake ukiwa wazi. Weka namba yako, bonyeza kufunga, uone vyuma vinatoka, ufungue tena. Rudia mara tatu. Betri zikiwa dhaifu (kwa kawaida ni nne ndogo) sefu hufunga vizuri ikagoma kufungua, na hiyo hutokea asubuhi una treni ya SGR ya kuwahi.

Tatu, ifunge tupu na ujaribu 000000, 999999, 111111 na 123456. Sefu nyingi zina namba ya meneja iliyotoka nayo kiwandani, na hoteli isiyoibadilisha imeacha mlango wa nyuma unaojulikana na yeyote aliyewahi kusoma maelekezo ya kifaa hicho. Ikifunguka kwa mojawapo, usiweke kitu, na mwambie meneja faragha. Nne, ikiwa imefungwa tupu, izungushe mshikio huku ukiipiga ngumi ya wastani kwa juu. Zile za bei rahisi zina kijichuma kinachoshikiliwa na springi tu, kikiruka kwa mtikisiko mlango unafunguka.

Ukiridhika, tumia namba ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, maana huo uko kwenye kitambulisho ulichokiacha mapokezi. Baada ya kufunga, futa vitufe vyote au ubonyeze na vingine: vidole vyenye mafuta ya chipsi huacha alama kwenye namba nne tu. Weka kiatu kimoja cha kuondokea juu ya sefu, au ndani ikitosha. Vitu vinavyosahauliwa sefuni ni vingi.

Kukabidhi mapokezi

Karibu kila gesti ina karatasi nyuma ya mlango: vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi, uongozi hautahusika na upotevu. Karatasi hiyo haimwondolei mhudumu aliyeiba kosa la jinai, lakini inakuachia wewe mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikuwa na kitu. Kwa hiyo ukikabidhi, kabidhi hivi:

1. Hesabu fedha mbele ya meneja au mhudumu mkuu, si mbele ya kaunta yenye watu.
2. Zitie kwenye bahasha ya kaki, andika nje kiasi kwa tarakimu na maneno, tarehe na saa.
3. Gundisha, kisha wote wawili mtie saini kukatiza mkunjo, na juu ya saini pitisha selotepu.
4. Piga picha bahasha pande zote mbili.
5. Dai karatasi yenye jina la aliyepokea, saini na muhuri wa nyumba.

Wakikataa kukuandikia, basi wamekataa kupokea. "Weka tu hapo boss, hamna shida" siyo makabidhiano. Uliza pia bahasha italala wapi: kama ni kwenye droo inayofunguliwa na kila zamu, heri ukae nayo.

Fedha taslimu

Shilingi milioni moja ni noti mia za elfu kumi, kifurushi kinachokaa mfukoni. Milioni tano hazikai, na hapo ndipo mfanyabiashara wa mazao anapoanza kuonekana tumbo limevimba upande mmoja. Njia bora ni kutolala nazo. Fedha ibaki benki au kwenye simu hadi asubuhi ya kununua mzigo, na muuzaji mwenye simu alipwe kwa simu. Mawakala wadogo wa vijijini mara nyingi hawana floti ya kutoa kiasi kikubwa, kwa hiyo panga na tawi la benki mapema, usije ukalazimika kutoa jioni ya leo kwa ajili ya kesho.

Kilichobaki gawa mara tatu. Matumizi ya siku, elfu thelathini hadi hamsini, kwenye pochi ya kawaida pamoja na kadi moja ya zamani isiyo na kitu. Hiyo ndiyo utakayompa mtu akikubana njiani. Nauli ya kurudi na malazi ya usiku mmoja mahali pengine kabisa, mbali na kundi kubwa. Kundi kubwa kwenye mkanda wa ndani ya nguo, au kwenye sefu iliyopita majaribio.

Ukificha chumbani, epuka pale ambapo kila mtu huficha: chini ya godoro, ndani ya foronya, nyuma ya televisheni, juu ya kabati, ndani ya kiatu, kwenye tangi la choo. Anayetandika kitanda hugusa godoro kila siku bila hata nia mbaya. Pakiti ya taulo za kike iliyofunguliwa, mfuko wa nguo chafu, au kopo la poda lililotobolewa chini na kufungwa upya hukaguliwa mara chache, kwa sababu anayeiba chumbani ana dakika mbili tatu tu na haya kidogo. Wapo wanaochimbia bahasha ndani ya mfuko wa mlenda mkavu au karanga walizonunua Soko la Majengo. Inafanya kazi, mradi mfuko huo usije ukawa ndio zawadi ya shangazi.

Begi, laptopu, simu

Kikufuli kidogo kwenye zipu ni pambo. Ncha ya kalamu ya biki inatenganisha meno ya zipu katikati, mkono unaingia, kisha vile vichwa vya zipu vikiwa vimefungwa pamoja vinaburuzwa kwenda na kurudi na zipu inajifunga kana kwamba hapakutokea kitu. Kinga ni kufunga vichwa hivyo kwenye mshikio usiosogea wa begi, visiweze kuburuzwa. Bado inafunguka kwa kalamu, ila haiwezi kufungwa tena, na mwizi wa ndani ya nyumba huogopa kuacha alama.

Laptopu ifungwe kwa kebo ya chuma ikiwa ina tundu lake, na upande wa pili uizungushe kwenye kitu kisichochomoka: fremu ya kitanda cha chuma iliyochomelewa, au bomba la sinki. Miguu ya meza na chaga za kitanda cha mbao huinuliwa tu. Kama laptopu haina tundu, ibaki nawe. Usiiache garini hata kama gesti ina mlinzi. Kazi ya mlinzi ni geti, hatembei kila saa kuchungulia vioo.

Simu: kabla ya safari piga *#06#, andika IMEI (namba za utambulisho wa simu yenyewe) zote mbili kwenye karatasi na umtumie mtu wa nyumbani. Weka namba ya siri ya laini yenyewe, siyo ya simu pekee. Bila hiyo, mwizi anaihamishia laini yako kwenye simu yake na kupokea ujumbe wa uthibitisho wa benki na wa huduma za fedha. Namba ya mwanzo ya laini ulizie huduma kwa wateja kwa 100. Usibahatishe, ukikosea mara tatu laini inadai PUK (namba ndefu ya kuifungulia), na ukikosea PUK mara kumi laini inakufa.

Watu

Mtu akigonga akisema ni fundi wa feni au katumwa kubadilisha shuka, jibu bila kufungua, kisha piga mapokezi kuuliza. Kama hukuomba, hahitajiki. Usafi ufanyike ukiwepo, au uombe usifanyike. Kwa usiku mmoja au miwili huhitaji shuka mpya. Kadi ya "usisumbue" na redio yenye sauti ya chini huacha shaka kama yumo mtu.

Kuhusu mgeni unayemleta mwenyewe, baa hadi chumbani, tutasema kwa ufupi: vinywaji vya kutiwa dawa za usingizi vipo, na mtu hulala kwa muda wa saa kumi akaamka hana hata viatu. Kinywaji kifunguliwe mbele yako, ukikiacha kwenda msalani agiza kingine, na mgeni aandikishwe kitabuni mapokezi kwa kitambulisho. Anayekataa kuandikishwa aage hapohapo.

Siku ya kuondoka, weka kwanza mizigo yote kitandani juu ya shuka tupu, halafu kagua soketi, nyuma ya mlango, bafuni na sefu. Usiache mlango wazi ukishusha begi la kwanza kwenye bajaji huku la pili likikusubiri ndani.

Ukikuta kimeibiwa

Usipange tena chumba. Piga picha za mlango, dirisha, wavu, kila kilichohama. Toka, funga, muite meneja na umwambie mbele ya shahidi. Kama kuna kamera, omba kumbukumbu ya saa husika ihifadhiwe leo hii, kwa maandishi, kwa sababu mashine hujifuta kwa kurekodi juu ya za zamani baada ya siku chache. Usimpigie mtu kelele za mwizi wala kumtaja mfagiaji kwa kuhisi tu. Kelele hizo huleta fimbo na mawe kabla ya polisi, na aliyeumizwa anaweza kuwa siye.

Hapohapo piga 100 kwa simu ya mtu wa mtandao wako ufungiwe laini na akaunti ya fedha, kisha piga benki. Polisi wa dharura ni 112. Kituoni toa maelezo yenye IMEI, namba za utambulisho wa kifaa (serial) zilizoandikwa na kiwanda, rangi, mikwaruzo, na kiasi cha fedha kwa aina ya noti. Hakikisha unaondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukiwa na RB, nenda kwenye duka la mtandao wako na uombe simu ifungiwe kwa IMEI, kisha urudishe laini kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Nakala ya RB mwachie meneja, akusainie kwenye yako kwamba ameipokea.